Petroli ya Huku na Petroli ya Kule

Iko siku moja hainitoki kichwani, mdogo wangu Neema. Kesho unaenda kukaa kwa shangazi huko Wamaza, na huko utawasha taa mwenyewe. Kwa mdomo sitaweza kukueleza, unanijua, hata jina langu darasani naliitikia kwa haya. Ndiyo maana ninakuandikia.

Ulikuwa mchanga bado, umelala mkekani. Mvua ilileta giza mchana, hapa Kasongo. Bibi alikuwa amenunua bidoni ndogo ya mafuta kwa mchuuzi mgeni aliyetoka upande wa ziwa kupitia Kabambare. Bibi aliomba petroli, akapewa petroli. Kwetu petroli ni mafuta ya taa. Kule alikozoea mchuuzi, petroli ni ile ya pikipiki, ambayo sisi tunaiita esansi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Bibi akajaza taa, akachukua kiberiti. Nikasema, "Bibi, inanuka," lakini mvua kwenye mabati ikaimeza sauti yangu. Njiti ya kwanza ilikuwa na unyevu, ikakatika. Wewe ulikuwa karibu na miguu yake. Nikamnyang'anya kiberiti.

"Wewe mwenye haya, leo unanyang'anya mutu mukubwa kitu mukononi?"

"Bibi, inanuka pikipiki ya papa mudogo."

"Basi tupande taa, itufikishe Nyangwe."

Papa mdogo, huyu mdogo wake baba anayebeba watu kwa pikipiki, akaingia amelowa, akanusa. Hakucheka. Alimwaga tone la mafuta yale kwenye kifuniko, akakiweka mwisho wa baraza, akawasha njiti, akairusha. Moto uliruka hewani kabla njiti haijafika.

Bibi akakaa chini, akakupakata. Baadaye akaniambia polepole, "Siku ingine usisemee tumboni. Piga kelele."

Nilipofika sekondari ndipo nikaelewa. Kuni, makala, yaani makaa, mafuta ya taa, esansi, vyote vina kaboni, lakini ndimi za moto zinatoka kwenye mvuke. Esansi inatoa mvuke hata ikiwa baridi, unatambaa nyumbani bila kuonekana, na moto unaufuata ulipo. Mafuta ya taa yanangoja utambi uyapashe. Kuni nazo zinataka joto kwanza, zitoe moshi, ndipo zishike. Makala moshi wake ulishatoka yalipochomwa porini, kwa hiyo yanawaka mekundu, kimya. Nyumba ikifungwa, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana pua yangu haitaisikia.

Basi, Neema, usiamini jina la mafuta. Uliza: ni ya taa au ya pikipiki? Ukiwa na shaka, kaa gizani, giza haliunguzi mtu. Makala pikia nje, hata kama kuna baridi. Alichofanya papa mdogo usikijaribu. Na ukiogopa, ogopa kwa sauti, wakusikie.

Mungu akulaze salama huko Wamaza, akuamshe na ngozi yako, macho yako na pumzi yako yote.