Mashini ya Octave, Picha za Bernardine

Mwulize mtu yeyote wa mtaa wa Kilibula nani alimpiga picha za harusi, atakujibu "Studio Octave", na hiyo ni nusu ya ukweli. Octave, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa kupiga soga na wateja na kuandika jina lake mlangoni kwa rangi nyekundu. Aliyeshika kamera, aliyewapanga mashangazi wenye ugomvi wakasimama bega kwa bega na kutabasamu, alikuwa mkewe, Bernardine. Mtaa mzima ulimwona akifanya hivyo, na mtaa mzima ukaendelea kusema Octave.

Octave alipofariki, kaka yake mkubwa Basile alitoka Sange, akalia kwa sauti, kisha akachukua simu ya marehemu, maana mkubwa wa ukoo ndiye mtunzaji. Kabla ya kurudi akatangaza kwamba siku ya kuondoa matanga ukoo ungekuja kuchukua na kompyuta ya studio, mwanawe aanze nayo kazi kule Sange. Mjane hakuulizwa. Mjane huulizwa chai iko wapi.

Humo kwenye kompyuta ndimo zilimokuwa picha zote. Watu waliobebewa nyumba na maji ya mafuriko walikuja kwa Bernardine kuchapishiwa upya sura za wazazi wao, na wengine hawakuwa na kumbukumbu nyingine. Bila picha hizo, studio ingebaki chumba chenye pazia.

Mdogo wa Bernardine, Eliane, karani wa shirika moja mjini, akamshauri azipandishe kwenye klaudi: zitunzwe katika kompyuta za kampuni ya mbali, naye azifikie kwa mtandao kutoka simu yoyote.

Bernardine hakukurupuka. "Na kama mega za mtandao zimeisha? Na kama wale wenye mashini wamefunga mulango, minye nitapiga hodi wapi?"

"Mega zikiisha unangoja, yaya," Eliane akamjibu dada yake mkubwa, "picha ziko palepale. Lakini ukikaa sana bila kulipa, wanaweza kufuta. Hiyo sikufichi."

"Basile yeye atafuta bila kungoja," Bernardine akasema, na shauri likaishia hapo.

Hata hivyo hasira yake ilikuwa na adabu. Picha za marehemu wakiwa ndani ya jeneza hakuzipandisha kwa uamuzi wake tu, bali aliwaita wafiwa wenyewe. Wengi walisema mtu wao amekwisha kuzikwa, asisafirishwe tena. Basi akawapa picha zao kwenye flashi na kuzifuta mbele ya macho yao.

Kosa likatokea walipoanza. Eliane alitumia akaunti ya zamani ya shemeji yake, iliyokuwapo tayari. Kampuni ikatuma namba ya siri kwenye simu ya Octave, na simu ya Octave ilikuwa mfukoni mwa Basile. Dada wawili wakatazamana. Bernardine akawaza: mume yuko kaburini, na bado jina lake linamfungia mlango.

"Fungua ingine," akasema. "Andika jina yangu, na namba yangu."

Hakuna kitu cha studio kilichokuwa kimewahi kuandikwa jina lake. Kuanzia hapo, kila alfajiri umeme ukiwepo, alipandisha picha, polepole mno, huku akiutukana mtandao. Za wateja zilitangulia: harusi, ubatizo, wanafunzi.

Basile naye si mjinga. Ujumbe ule wa namba ya siri ulimwonyesha kwamba kuna kitu kinatembea. Hakungoja siku ya kuondoa matanga; asubuhi moja alisimama mlangoni na wanaume wawili wa kubeba.

"Muke ya Octave, toka hapo. Muntu akikufa, vitu vyake vinarudia kwa familia."

"Na minye niko nani?"

"Weye ulikuja na sanduku ya nguo. Tutakuachia sanduku."

Akapita, akachomoa waya. Skrini ikazima. Bernardine akatazama simu yake haraka. Za wateja zilikuwa zimefika zote. Fungu moja tu lilikuwa bado njiani, la harusi yake mwenyewe, alilokuwa ameliweka mwisho kama mpishi anayejipakulia baada ya wageni. Angeweza kuomba muda kidogo, na Basile alikuwa ameegemea meza akingoja aombe.

Bernardine akasogea kando, akawafungulia mlango mpaka mwisho.

"Beba mashini, shemeji. Picha za wateja ziko kwangu, na kesho nafungua studio. Zenye zimebakia mule ni za harusi yangu. Ukifika Sange, uziangalie muzuri: ule muntu anasimama kando ya ndugu yako iko na jina. Anaitwa Bernardine."