Mwaka ambao Élie hakushika usukani

Élie Tuyizere alikuwa dereva wa Fuso. Alipakia maharage na mihogo ya wakulima wa Masisi akashuka nayo hadi Sake, na matope yalipokauka alifika hata Walikale. Barabara ile haina huruma. Mgongo ukaanza kumuuma hata akawa anashuka garini amejikunja. Wenzake wakamwonyesha dawa yao, tramadoli: ukimeza, maumivu yanapotea, na njaa nayo. Mwanzoni alimeza siku za safari ndefu tu. Baadaye hakuwasha injini bila kumeza kwanza.

Asubuhi moja, akikaribia Sake, aliona barabara imegawanyika mbili. Akafuata ile isiyokuwepo. Fuso ikagonga kibanda cha maziwa, na Mama Gentille, mfugaji aliyekuwa akiuza pale, akavunjika mguu. Élie aliruka chini, akamwinua mikononi, akamkimbiza kituo cha afya. Polisi walimkuta huko huko, akilia.

Mfukoni mwake walitoa vidonge. Wakamshtaki kwamba aliendesha akiwa amelewa dawa na kujeruhi mtu. Kwa kuwa vidonge vilikuwa vingi, wakaongeza kwamba anaviuza. Shtaka hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi mkewe, Adelaïde. Alikwenda parokiani kuuliza nani huwatetea watu wasio na uwezo, naye akaelekezwa kwa avoka mmoja, Maître Noëlla Byukusenge.

Noëlla alimkuta Élie kwenye kasho, mahabusu ya polisi.

“Papa Élie, nieleze vile ilikuwa.”

“Maître, frein ilikatika, gari ikakatala kusimama.”

“Frein walishaiangalia, iko muzima. Mimi niko avoka yako, si juji. Ukinidanganya, nitakutetea na nini?”

Élie akainamisha kichwa. “Nilimeza dawa. Mugongo inaniuma sana, Maître. Bila ile dawa siwezi kuendesha.”

“Na kuuza?”

“Kuuza hapana. Hata kidogo.”

“Basi tutakubali kile ulifanya, na tutakatala kile haukufanya.”

Mahakamani Noëlla alimleta daktari aliyeupima mgongo wa Élie. Kisha akauliza: nani aliwahi kununua hata kidonge kimoja kwa mtu huyu? Hakupatikana. Shtaka la kuuza likaanguka.

Ndipo Mama Gentille akanyanyuka na magongo yake, akaomba kusema.

“Huyu papa aliniumiza, na nilimukasirikia. Lakini hakukimbia. Wengine wanagongaka na kukimbia. Musimufunge. Mumukataze gari mpaka atapona.”

Juji alimpa Élie kifungo chenye masharti: hatakwenda gerezani, ila akirudia kosa atakitumikia chote. Akaamriwa kugharamia matibabu ya Gentille, na permi yake, yaani leseni ya udereva, ikachukuliwa kwa mwaka mmoja. Adelaïde alipiga magoti pale pale, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kuacha dawa kulikuwa kugumu kuliko kesi. Élie alitetemeka, akatokwa jasho, akagombana na kila mtu, na Adelaïde hakumwacha peke yake. Alipopata nguvu alianza kulima maharage mlimani. Siku za soko alimbebea Gentille bidoni zake za maziwa mpaka mguu ulipopona. Hilo hakuna aliyemwamuru.

Siku moja alimpelekea Noëlla kikapu cha viazi.

“Maître, nimekuja kukushukuru.”

“Kwa sababu haukufungwa?”

“Hata ile. Lakini zaidi kwa kukatala uongo yangu. Kama wangeniamini, ningerudi mu barabara kesho yake, na siku moja ningeua muntu.”

Noëlla akapokea kikapu kwa mikono miwili.

Sasa Élie amesharudishiwa permi yake. Anapakia mizigo ya karibu tu, na mgongo ukimzidia anaegesha gari, anajinyoosha kwenye majani kando ya njia. Wenye maharage hulalamika kwamba anachelewa. Yeye huwajibu kwa upole kwamba maharage yao yatafika.