Mafuta Yangu Ndani ya Gari la Silinda Nane

Mwaka ule tulikula mahindi ya manjano ya msaada. Mvua zilinyesha hata muhogo ukaoza ardhini. Ukiuvuta unakukatikia mkononi kama sabuni iliyolowa. Basi yakaletwa magunia ya yale mahindi, yananuka ghala, ugali wake una utamu usio na maana. Wali tuliuonea harusini na mazishini. Mtu wa kwetu Kinondo wa rika langu ukimtajia mwaka wa tisini na nane atakutazama tu. Mwambie mwaka wa ugali wa manjano, atatema mate chini.

Ndio mwaka huo mjukuu wangu alipoliunda upya gari la Kimarekani uani kwangu.

Huyu ni mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea mimi tangu ana miaka minne. Wakati huo alikuwa mtu mzima, mkewe ana mimba ya kwanza, na kazi yake ilikuwa kutengeneza magari ya hoteli moja Diani. Fundi hasa. Alikuwa akisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Gari lilikuwa la bwana mmoja wa bara, mwenye duka la misumari na mabati Ukunda. Alilikuta bandani huko Galu, mzungu mwenyewe kesha kwenda kwao, chumvi imelila hata ukitazama sakafuni unaona mchanga. Milango miwili, pua ndefu kama jeneza, injini ya silinda nane. Bwana alitaka mambo mawili: litembee barabarani watu wageuze shingo, na likashindane mbio kwenye uwanja ng'ambo ya feri. Wa kuliendesha mbioni ni mjukuu wangu, kwa kuwa ndiye aliyelijua. Likifanya vizuri, bwana atamfungulia gereji yake mwenyewe Ukunda.

Miezi mitano walikaa nalo, yeye na vijana wa jirani. Injini waliitoa kwa mnyororo na maboriti ya mikoko yaliyotoka Gazi. Sakafu ikachomelewa upya, kuku wangu wakataga kiti cha nyuma, leso zangu zikanuka petroli. Siku injini ilipowaka, sufuria zililia jikoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema, huyu nimemlea mimi.

Zikabaki breki. Mipira yake ililetwa kwa basi kutoka Nairobi, vikombe vidogo vyeusi vinavyokaa ndani ya magurudumu na kusukuma breki. Ilikuwa mikavu, haitaki kuingia. Mafuta ya breki alikuwa nayo mkebe mmoja, ya kujazia tu, na mengine hayakupatikana dukani.

Akaniuliza, "Bibi, huna kitu cha kuteleza?"

Mimi! Kuulizwa mimi kitu cha kuteleza! Mafuta yangu ya nazi watu walikuwa wakitoka hata Msambweni kuja kuyanunua. Nilikuna mwenyewe, nikachemsha tui mwenyewe, meupe kama maji ya kisima. Nikamletea bakuli zima.

Akasita. "Haya ni ya nywele, bibi."

"Ya nywele, ya ngozi, ya tumbo, ya cherehani. Hakuna yalichoshindwa. Chukua."

Akachukua. Kila mpira aliouchovya ukaingia mara moja, laini kama kidole kwenye pete. Mmoja wa akiba ulizama bakulini, ukasahaulika. Hiyo ilikuwa Jumanne. Mbio zilikuwa Jumamosi.

Jumatano alilijaribu kwenye barabara ya Diani, likasimama pale pale alipotaka. Alhamisi akasema breki zimekuwa kali zaidi, akafurahi. Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, akazunguka nalo mara moja tu hadi njia panda na kurudi. Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo. Nikapitisha mkono wenye maji kwenye gurudumu la mbele nikiondoa tope. Likasema chaaa, kama chuma cha vitumbua.

Nikarudisha mkono kifuani. 

Alasiri wakataka kulisogeza kivulini. Gari lile Jumatatu alilisukuma mjukuu wangu na jirani mmoja, wanazungumza. Ijumaa walikuwa wanaume wanne, shingo zimewatoka mishipa, na gari linakwenda kwa kulazimishwa.

"Breki mpya," mjukuu wangu akasema. "Bado hazijazoea."

Nikaenda jikoni kutafuta bakuli langu. Nikaukuta ule mpira wa akiba mle ndani. Nikautoa, nikaubonyeza. Ulikuwa laini, umevimba kama kunde zilizolala majini. Pale barazani palikuwa na chuma kizee cha breki alichokitoa gurudumuni, tundu lake sawa na yale yanayokaa mipira. Nikausukuma mpira tunduni. Haukuingia. Nikausukuma kwa kidole gumba mpaka kucha ikageuka nyeupe. Haukuingia.

Mimi sikusoma. Lakini kitu kikivimba ndani ya tundu hakitoki, hilo halihitaji shule. Breki zilikuwa zimekamata na haziachii. Zingekaa zikisaga na kuchemka, na huko mbioni, gari linakwenda kama limefukuzwa, zingemtupa mtoto wangu ukutani au zingekufa kabisa.

Na nilinyamaza. Nasema kweli hapa. Ijumaa ile nilinyamaza hadi magharibi, na baada ya magharibi nikanyamaza tena. Nusu ya Kinondo walikuwa wakipaka mafuta yangu. Nitasimamaje niseme yameharibu? Nikajidanganya kwamba mpira uliozama siku tatu hauwezi kuwa sawa na uliochovywa tu. Sikulala, na mkono ulikuwa bado unanichoma.

Asubuhi bwana akaja na gari lake dogo na marafiki wawili. Majirani wakajaa uani. Mkewe mjukuu wangu alisimama mlangoni, kiganja juu ya tumbo. Nikamtazama yule, nikafunga leso kiunoni, nikaliendea gari, nikafungua mlango wa kulia, nikakaa.

Usukani hamna. La Kimarekani usukani wake uko kushoto. Watu wakacheka. Nikateleza juu ya kiti kwa makalio mpaka nikaufikia, nikaushika kwa mikono miwili.

Bwana akainama dirishani. "Shosho," akaniita, kama wanavyomwita bibi kwao, "hebu shuka, feri haitungoji."

"Shosho wako yuko kwenu bara. Mimi niamkie kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sishuki. Fungueni magurudumu."

Kicheko kikakatika. Mjukuu wangu akaja mbio. "Bibi, kuna nini?"

Nikasema kwa sauti, wasikie wote, kwa kuwa ningesema polepole nisingemaliza: "Mafuta yangu yameivimbisha mipira. Yameharibu breki. Nimeuona mmoja, hauingii tena tunduni. Nilijua tangu jana."

Jirani yangu mmoja akashika kichwa. "Wee! Na mimi nampaka mwanangu mafuta hayo!"

"Mwanao si mpira, mpake tu."

Wengine wakacheka. Bwana hakucheka. "Mafuta ya nywele yaharibu gari la Marekani? Tumeweka vyuma vya tani nzima, leo tusimamishwe na nazi?" Akatazama saa yake. "Kufungua yote manne ni asubuhi nzima. Hatutafika, na jina letu litafutwa."

Rafiki yake akasema nitolewe. Hakuna aliyesogea. Nani angemshika bibi wa watu uani kwake? Basi bwana akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe ndiye utamtoa. Ama mtoe, ama nitafute fundi mwingine, na ile gereji uisahau."

Mjukuu wangu akazunguka, akafungua mlango wangu, akachuchumaa chini kabisa kama alipokuwa mdogo anataka nimkwangulie ukoko wa chungu. Alinuka sabuni, alikuwa ameoga kwa ajili ya siku hiyo, na shati amelipiga pasi.

"Bibi, Jumatano lilisimama vizuri."

"Lilisimama. Jana liliachia?"

 Nikamwona akilitazama gurudumu la mbele, kisha akatazama pembeni haraka. Alijua. Alikuwa amejua tangu lile sukumo la watu wanne, na alikuwa amenyamaza kama mimi nilivyonyamaza.

"Nitalipeleka polepole," akanong'ona. "Wallahi, bibi, mbioni nitalishika."

"Utalishika kwa nini? Kwa meno?"

"Gereji, bibi. Miezi mitano. Mtoto anakuja." Akamtupia mkewe jicho pale mlangoni. "Watu wote wanatazama. Unaniaibisha."

"Nimejiaibisha mimi kwanza."

Akaniwekea mkono juu ya mkono, pale pale kwenye usukani. Mkono una nguvu ule. Angeweza kunibandua kidole kimoja kimoja. Bwana akapiga honi ya gari lake.  Sijawahi kumnyima mtoto yule kitu tangu mama yake alipozikwa. Nikamtazama usoni, nikamwambia yale yale niliyomwambia bwana wake:

"Sishuki. Fungueni magurudumu."