Nyota Yenye Ufa

Kila nikikamua limau, vidole vyangu vinanuka shaba, hata kama sijagusa shaba mwaka mzima. Harufu hiyo niliachiwa na koko, mama mzazi wa baba. Kule Oicha alisugua senti zake za kale kwa limau na majivu mpaka ndege wa angani wakafumba macho.

Zilikuwa senti za wakati wa Wabelgiji, tundu katikati, nyota upande mmoja. Sisi watoto tuliona zote ni moja. Kwa koko, hapana! Hii nyota nene, ile nyembamba, hii ina ufa. Alizipanga mbilimbili, pacha kwa pacha.

Vita ilipofika, alimfunga kila mtoto senti moja shingoni, na pacha yake akaiweka kwenye kamba kiunoni mwake. Maana kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa: ukiita “Kavira!” sokoni, nusu ya Butembo inaitika. Kavira wetu, mdogo wangu asiyejua bado kusema, alipewa ile yenye ufa.

Tukiwa njiani kwenda Butembo risasi zikalia, watu wakatawanyika, Kavira akapotea.

Wiki nyingi baadaye tulimkuta mtaa wa Kimemi, Butembo, uwanjani mwa kanisa, amekonda, amenyolewa, mgongoni mwa muuza mihogo. Mama alinyoosha mikono akilia. Yule mwanamke akarudi nyuma.

“Mama, hapana! Bengine balishakuja kulia hapa, kila mutu anasema ni wake. Nitajua je huyu ni wako?”

“Mwanangu,” koko akamwambia, “angalia senti yake. Nyota iko na ufa, kutoka ku tundu mupaka pembeni.”

Akafungua pacha yake kiunoni. Mwanamke akazitazama zote mbili, muda mrefu. Kisha akamshusha mtoto polepole, lakini mgongo wake ukabaki umeinama, kana kwamba bado amebeba.

Koko akamfunga yule mwanamke ile pacha mkononi.

“Koko, lakini ile ni yetu!” nikalalamika.

“Nyamaza. Na yeye siku moja anaweza kumutafuta mutoto.”

Nilinuna, nawaambia, mpaka ugali ukaniogopa. Nilidhani koko ametoa zawadi ya asante, tena kubwa mno.

Juzi Kavira aliolewa. Mwenye kuongoza sherehe alipomwita mama wa bibi harusi, walisimama wawili. Mmoja alinuka limau, na mkononi mwake nyota iliwaka.