Soksi za Manyoya ya Pipsa

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, kule Turku, Ufini, hakutupa hata unyoya mmoja wa mbwa wake. Alimchana Pipsa, kijibwa chenye manyoya tele ya rangi ya asali, kwenye benchi la uani, kisha vidole vyake vinene viliyasokota yale manyoya yakawa uzi, na uzi ukawa soksi. Theluji ikianguka tulimchokoza: “Mama, soksi zako zikilowa zinanuka mbwa!” Naye, bila kuinua macho: “Na wewe ukilowa unanuka nini?”

Siku hizi namkumbuka zaidi alivyokuwa majira yale ya baridi, tezi ya shingo ya Pipsa ilipozorota. Manyoya yalimpukutika mgongo mzima, mkia ukabaki kama wa panya. Kila asubuhi jirani alimfichia kidonge ndani ya soseji ya maini, akimbembeleza, “Kula, bibi wee.” Daktari alisema manyoya yangechelewa kurudi. Siku moja nikamkuta jirani kwenye ngazi, miguu mitupu ndani ya viatu, anamvisha Pipsa sweta ya rangi ya asali.

“Umefumua soksi zako zote?”

“Zangu tangu lini?”

Pipsa aliinusa sweta ile muda mrefu, kisha akautikisa mkia wake mtupu.