Sura Mbili Ambazo Anselmo Hakuzisikia

MASASI, 1957

Saa kumi na mbili asubuhi. Josephina Bonifasi anapita kitanda hadi kitanda katika wodi ya kifua kikuu ya hospitali moja ya misheni, akikusanya vikopo vya makohozi. Vitanda ni kumi na vinne. Tangu masika yaanze, amesaidia kuwatoa wagonjwa sita waliofariki.

Akishamaliza kudeki, ananawa mikono, anakaa kwenye kigoda na kufungua kitabu. Anawasomea wagonjwa kwa sauti, katikati ya vikohozi.

Josephina, mjane wa miaka thelathini na minane, ni mzaliwa wa Kitangari. Alijifunza kusoma ukubwani. Mwalimu wake, Cuthbert, alipohamishwa alimwachia vitabu vinne, vyote vya maisha ya watu mashuhuri: mfalme, tabibu, nahodha, na mtunga mashairi aliyeuzwa utumwani angali mtoto.

“Hadithi za sungura hawazitaki,” anasema. “Wanataka mtu aliyeishi kweli, akateseka kama wao.”

Aliyempenda zaidi mtunga mashairi huyo ni Anselmo, mkulima wa korosho wa Lisekese, ambaye babu yake naye aliwahi kuuzwa. Josephina aliona kwamba siku akimwachia habari katikati, Anselmo hunywa uji wote ili aifikie kesho. Basi akawa anamkatia makusudi.

Mwezi uliopita zilibaki sura mbili. Anselmo, sauti imemkauka, alimwomba amalizie siku hiyohiyo.

“Mama Paulina, huyu bwana alirudi kwao au hakurudi?”

“Kesho, Baba Agnes. Kunywa uji kwanza.”

Hakunywa. Asubuhi Josephina alimkuta amekwisha kuwa baridi.

Anasema alidhani anamshikilia, kumbe alikuwa anamnyima. Siku hizi hamkatii mtu. Mgonjwa akiuliza mwisho, anaambiwa papo hapo.

Juma lililopita Dominika, mjane wa Anselmo, alikuja kuchukua blanketi la marehemu. Hakulaumu. Alieleza kwamba kila alipokuja kumtazama mumewe alisimuliwa habari za bwana yule, naye angependa kujua yaliyompata. Josephina alipofungua kinywa kumweleza, Dominika alimzuia.

“Usiniambie hapa. Njoo nyumbani usome, na watoto wake wasikie.”

Jumamosi Josephina hana zamu. Amepanga kwenda Lisekese kwa miguu, kitabu amekifunga ndani ya kanga. Sura hizo mbili amezirudia peke yake mara tatu, asije akakwama mbele ya watoto.

“Hakurudi kwao. Alifia ugenini,” anasema, akiutazama ukurasa. “Lakini nitawasomea mpaka neno la mwisho.”