Maneno Mia ya Mwanapili

Mwanapili wa Matemwe hakujaaliwa ulimi wa kusema "sijui". Siku aliyochukuliwa kumtunza Bi Fatmabai, ghorofani huko Mji Mkongwe, alimtazama Bwana Raza, mwana wa bibi, akamwambia: "Kigujarati? Nipe wiki moja tu."

Wiki! Watu wamezaliwa nacho na bado kinawakwaza.

Lakini kilihitajika kweli. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia bibi mkono wa kulia na Kiswahili chake chote, kikamwachia lugha ya utotoni peke yake. Raza alishinda dukani, mkewe kasafiri. Basi Mwanapili akaikamata simu, akameza maneno mia kwa mkupuo mmoja: homa, presha, daktari, sindano, asante sana. Kulipokucha yalibaki machache, nayo yameparaganyika. Akamwuliza bibi wa watu kama sindano imelala vizuri.

Hapo mtu ungecheka. Ila bibi aliacha kula.

Kila Mwanapili aliposimama kando ya kitanda na sahani na kijiko, kama alivyowaona wauguzi wakifanya, bibi alisema, "Beso." Akimsogezea kijiko, anakisukuma. "Beso!" Kisha mdomo unafungwa. Mwanapili akajiambia maana yake ni sitaki. Kumwuliza Raza? Baada ya majivuno yale? Bora ateremke ngazi kwa kichwa.

Siku ya tatu bibi hakuonja ila chai. Raza akarudi mapema, akaweka begi la mamake mlangoni.

"Akikataa na hiki cha mchana, nnampeleka Dar kwa dada yangu Rukaiya. Boti ya saa kumi."

"Lakini bibi aliapa hatoki nyumba hii ila kwa jeneza! Mwenyewe ulinambia."

"Na akikaa kwa njaa, si ndo jeneza lenyewe? We si ulisema unajua lugha? Haya, zungumza nae."

Raza akasimama mlangoni. Mwanapili akainua kijiko cha wali wa choroko.

"Beso," bibi akasema, sauti imekwisha nguvu, haifiki mlangoni.

Mwanapili akapekua kichwani. Akapata daktari. Akapata homa. Kijiko kikasogea, bibi akageuza uso ukutani.

"Basi," Raza akasema, akaliinamia begi.

"Bwana Raza, ngoja!" Mwanapili akaweka sahani chini. "Neno hilo silijui."

"Neno gani?"

"Beso. Kila siku ananambia beso, nami silijui. Na yale mengine pia, wallahi, siyajui."

Raza akainuka. "Anakwambia keti. Unamlisha umesimama?"

"Hospitali si ndivyo?"

"Hapa si hospitali! Sisi hatuli mtu katusimamia kichwani. Tunalizunguka sinia pamoja, tunaanza kwa kuonja chumvi. Anakukaribisha ule nae, we unamtilia kijiko!" Akaliacha begi. Yeye mwenyewe tangu kiharusi hajaketi na mamake akala.

Akaenda jikoni, akarudi na sinia la wali na kibakuli cha chumvi. Wakamteremsha bibi mkekani, wakamwegemeza mito, wakaketi nae. Raza akagusa chumvi kwa ncha ya kidole, akaitia kwenye ulimi wa mamake. Mwanapili akaonja yake, akafinyanga tonge kwa mkono, akalipeleka taratibu.

Mdomo haukufunguka. Bibi alimtazama Mwanapili kwanza, kisha magoti yake yaliyokunjwa mkekani, akatazama mpaka Raza akasahau kupumua.

Ukafunguka. Akatafuna, akakunja uso.

"Garam."

Mwanapili nusura aseme anajua. "Hilo nalo ndo nini?"

"Wa moto. Upoze."

"Garam," Mwanapili akarudia, akipuliza tonge jengine. "Beso na garam. Kwa leo msinipe jengine, litamwagika."

Bibi akameza. Raza alilifuata tonge kwa macho hadi liliposhuka kooni, ndipo akampigia Rukaiya.

"Leo hatuji," alisema. "Kesho tutatazama."